Siku Ambazo Mwili Hautaki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanaokwenda Kazini kwa Baiskeli Dar es Salaam

Maswali haya ni yale ambayo watu wanaokwenda kazini kwa baiskeli jijini Dar es Salaam huulizana karibu kila wiki, wakiwa kwa fundi, kwenye maegesho ya ofisini au wanaposubiri taa za Magomeni. Mifano mingi ni ya njia ya Kimara hadi Kariakoo, kama kilomita 13, kwa sababu ndiyo ninayoipita siku tano kwa wiki. Anayetoka Mbagala, Tabata au Kigamboni atabadilisha majina ya mahali, lakini mambo yenyewe yatabaki kuwa yaleyale.

## Mambo ya msingi

1. Je, ni kawaida siku nyingine kujikuta sina nguvu kabisa, ilhali njia ni ileile na baiskeli ni ileile?

Ni kawaida. Njia haibadiliki, ila anayeipita hubadilika kila siku kulingana na alivyolala, alivyokula jana jioni, kazi aliyoifanya mchana wake na joto la usiku uliopita. Tena watu wengi hawaihesabu safari hii kuwa ni kazi. Anayekwenda na kurudi kilomita 13 siku tano amekanyaga pedali kilomita 130 ifikapo Ijumaa, na kama anatumia Phoenix ya gia moja, amezikanyaga juu ya chuma chenye uzito wa kilo 20 hivi. Mwanamichezo anayefanya mazoezi ya kiasi hicho hupangiwa siku za kupumzika. Sisi hupangiwa na kalenda ya mwajiri.

Kwa hiyo siku moja au mbili za ulegevu katika wiki si dalili kwamba umezeeka au kwamba baiskeli haikufai. Linalostahili kuangaliwa ni ulegevu usioondoka, nao umeelezwa katika swali la 19.

2. Nitajuaje asubuhi kama huu ni uchovu wa kupita au mwili unanikataza kweli?

Usiamue ukiwa bado kitandani, wala usiamue kwenye mita mia mbili za mwanzo. Misuli ikiwa bado baridi kila mtu hujiona mgonjwa. Toka nyumbani taratibu kuliko kawaida, endesha dakika 10 bila kushindana na yeyote, kisha jiulize: pumzi imetulia? Miguu imelainika? Je, ninaweza kusema sentensi nzima bila kukatisha ili nivute hewa? Majibu yakiwa ndiyo, ulikuwa uchovu wa kupita, na mara nyingi mwili uliogoma saa 12 asubuhi huwa umekubali kabla hujafika Ubungo.

Baada ya dakika 10 ukiwa bado unahema kwenye tambarare, moyo unakwenda mbio bila sababu, au unahisi baridi wakati wenzako wanatokwa na jasho, geuza. Nyumbani ni karibu kuliko kazini, na hiyo ndiyo faida ya kupima mapema. Kuna hali ambazo hazihitaji hata hizo dakika 10: homa, kizunguzungu, maumivu ya kifua, kuharisha au kutapika tangu usiku. Ukiwa na mojawapo, baiskeli ibaki ndani.

3. Nikiwa nimechoka, nijikaze tu nimalize haraka au nipunguze mwendo?

Punguza mwendo. Hili ndilo jambo ninalotamani kila mwendesha baiskeli wa jiji hili alishike, kwa sababu wengi wetu siku ya kuchoka hufanya kinyume chake: tunakaza ili mateso yaishe upesi, na tunafika tukiwa hatufai kwa kazi wala kwa safari ya kurudi.

Sababu iko kwenye hewa. Kadiri unavyoongeza mwendo, ndivyo hewa inavyokupinga, na upinzani huo hukua kwa kasi kuliko mwendo wenyewe. Mtu anayekwenda kilomita 18 kwa saa akishuka hadi 15, nguvu anayoitumia kuipasua hewa hupungua kwa takriban asilimia 40, ilhali kwenye njia ya kilomita 13 anachelewa dakika 9 tu. Dakika 9 ni foleni moja ya kununua vocha. Toka nyumbani robo saa mapema, uende kwa mwendo wa mtu anayezungumza na jirani yake, na utafika ukiwa mzima.

Mwenye gia ashuke gia moja au mbili na akanyage kwa wepesi badala ya kusukuma kwa nguvu. Mwenye gia moja asikanyage pedali bila kukoma; aache baiskeli iserereke kila inapokubali kuserereka.

4. Kupanda daladala au mwendokasi siku hiyo si kujidekeza?

Sivyo. Anayeendesha siku nne na kupanda basi siku ya tano bado ni mtu wa baiskeli, na huenda mwakani atakuwa bado anaendesha, tofauti na yule aliyejilazimisha kila siku mpaka akaichukia na kuiuza. Weka akiba ya nauli mahali pamoja, kwenye simu au chini ya kava la simu, ili uamuzi huo usikukute mfukoni hamna kitu.

## Chakula, maji na usingizi

5. Nile nini asubuhi kabla ya kutoka?

Wengi hutoka na chai ya rangi na andazi moja, na kwa safari fupi ya polepole hiyo hutosha. Kwa saa nzima ya kukanyaga haitoshi kwa wengi, hasa kama chakula cha usiku kililiwa mapema au kilikuwa kidogo, kwa kuwa ini hutumia sehemu kubwa ya akiba yake ya sukari usiku uleule unapolala. Uji wa ulezi au wa dona wenye sukari kidogo, mihogo ya kuchemsha, kiazi kitamu, au chapati na maharage yaliyobaki ni vyakula vinavyotoa nguvu taratibu na havimlemei mtu.

Ukiwa na dakika 20 tu kabla ya kutoka, kula kidogo na chepesi: ndizi mbivu mbili au tende nne, tano. Supu ya ng'ombe na chapati mbili iwe baada ya kufika, kwa sababu tumbo lililojaa mafuta na miguu inayofanya kazi hugombania damu ileile, na utaisikia supu hiyo kooni ukifika Manzese.

6. Asubuhi niko sawa, jioni ndipo naishiwa kabisa. Kwa nini?

Hili huulizwa kuliko mengine yote, na kwa wakazi wa Kimara, Mbezi na kwingineko kulikoinuka lina jibu la kwanza ambalo watu hulisahau: asubuhi unateremka, jioni unapanda. Ukitoka Kariakoo unashuka mpaka Jangwani, ambako ni bondeni kabisa. Kuanzia Magomeni barabara huanza kupanda kidogo kidogo kiasi kwamba macho hayaoni ila mapaja yanajua, na ukishapita Ubungo mlima haujifichi tena. Ni kilomita zilezile 13, lakini si kazi ileile.

Jibu la pili ni saa. Mtu amekula ugali wake saa 7 mchana, anatoka kazini saa 11, anafika nyumbani saa 12 na dakika kadhaa. Hapo katikati hakutia kitu kinywani kwa saa nne, kisha anaanza kazi ngumu kuliko zote za siku. Dawa yake ni ndogo na ya bei nafuu: nusu saa kabla ya kutoka, kula ndizi mbivu mbili, kipande cha muhogo, au kashata mbili za karanga, na ushushie maji. Nimewaona watu walioamini kwamba umri umewafikia wakirudi kuwa vijana kwa kashata za shilingi mia chache.

La tatu ni maji. Anayekaa kwenye kiyoyozi hasikii kiu, na anayefanya kazi juani hunywa akikumbuka. Wote wawili hutoka saa 11 wakiwa tayari wamepungukiwa. Linganisha na swali la 7.

7. Ninywe maji kiasi gani, na je, niweke chumvi?

Kipimo rahisi ni mkojo. Ukiwa na rangi ya maji ya limao yaliyochanganywa, uko sawa. Ukiwa na rangi ya chai ya rangi, umechelewa. Kunywa glasi moja au mbili kabla ya kutoka, beba chupa ya nusu lita, na unywe kidogo kidogo badala ya kuimaliza yote kwenye taa moja.

Kwa safari isiyozidi saa moja maji matupu yanatosha, kwa kuwa chumvi iliyotoka kwa jasho hurudishwa na chakula cha kawaida. Siku ya joto kali ukiwa umetoka jasho jingi mchana kutwa, au unapopata nafuu baada ya kuharisha, mchanganyiko wa kuongeza maji mwilini unafaa: lita 1 ya maji safi na salama, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa juu. Usizidishe chumvi kwa kudhani inaongeza nguvu. Mwenye shinikizo la damu asitumie mchanganyiko huu kama kinywaji cha kila siku bila kuzungumza na daktari wake. Dafu ni zuri pia, na kwa bahati nzuri wauza madafu hawako mbali popote mjini.

8. Vipi kahawa, chai na vile vinywaji vya kuongeza nguvu?

Kikombe cha kahawa au chai kali asubuhi humchangamsha mtu kweli, na hakuna ubaya. Ubaya huja pale kinywaji kinapotumika kufunika usingizi uliokosekana. Kafeini hukaa mwilini muda mrefu: kwa watu wengi, baada ya saa tano hivi nusu yake bado imo. Chupa uliyoimaliza saa 10 jioni ili ikufikishe nyumbani, nusu yake ingali inafanya kazi saa 3 usiku. Unalala vibaya, unaamka umechoka, na kesho unanunua nyingine. Ukitaka kukata mzunguko huo, weka saa 8 mchana kuwa mwisho wa kafeini kwa wiki mbili uone.

9. Usingizi unahusika kiasi gani?

Kwa uzoefu wangu ndiyo sababu ya siku nyingi mbovu kuliko chakula na maji vikiunganishwa. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi, na anayelazimika kutoka saa 12 asubuhi hawezi kuzipata kama amelala saa 6 usiku. Panga vitu usiku: nguo ndani ya mfuko, chupa imejazwa, matairi yamebonyezwa. Dakika 20 unazookoa asubuhi ni dakika 20 za kulala.

## Baiskeli yenyewe

10. Je, inawezekana tatizo si mimi bali ni baiskeli?

Inawezekana sana, na ningependa watu waanze hapa kabla ya kwenda kununua vidonge vya vitamini. Mimi mwenyewe nilikaa miezi mingi nikiamini nguvu zimeniishia. Siku moja nilisimama kwa fundi chini ya mwarobaini kwa ajili ya pancha tu. Aliinua gurudumu la nyuma kwa mkono mmoja, akalizungusha kwa mwingine, tukalitazama: lilizunguka mara mbili na nusu likasimama kama lililokamatwa. Raba moja ya breki ilikuwa inagusa rimu muda wote, na upande wake wa ndani uling'aa kama kiatu kilichopigwa rangi. Alipofungua ekseli, gololi zilitoka kavu, na grisi ilikuwa imegeuka udongo mweusi. Kazi yote ilichukua chini ya saa moja. Jioni ile nilipanda kutoka Ubungo nikijiuliza nani amenisukuma.

Fanya kipimo hicho kila Jumapili. Inua gurudumu, zungusha, sikiliza. Likikwaruza, raba ya breki inagusa au rimu imepinda na spoku zinahitaji kukazwa. Likisimama upesi bila kelele, tazama gololi. Kisha cheni: hapa kwetu vumbi la barabarani na hewa ya chumvi ya bahari huikausha na kuitia kutu upesi. Ifute kwa kitambaa kikavu, tia oili tone kwa tone upande wa ndani, zungusha pedali, halafu ufute tena, maana oili inayobaki nje hukusanya mchanga.

La mwisho na la muhimu kuliko yote ni upepo. Tyubu hupoteza upepo taratibu hata bila pancha, na tairi lililolegea huinyonya nguvu yako kila mzunguko bila kutoa sauti. Kiwango kinachofaa kimeandikwa ubavuni mwa tairi lenyewe. Asiye na pampu yenye geji abonyeze kwa kidole gumba: tairi la nyuma libonyee kwa shida.

11. Magoti na mapaja huchoka kabla ya pumzi. Nini sababu?

Mara nyingi kiti kiko chini mno, kwa kuwa wengi hutaka miguu yote miwili ifike ardhini wakiwa wamekaa. Egemea ukuta, kaa kitini, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unapaswa kunyooka. Ukiendesha kwa sehemu ya mbele ya unyayo, goti litabaki limekunjika kidogo tu, na hapo ndipo paja linafanya kazi vizuri. Pandisha sentimita moja kwa siku hadi uzoee.

12. Mzigo niubebe wapi?

Kwenye keria, umefungwa kwa mpira, si mgongoni. Begi la mgongoni huzuia jasho kukauka mahali pale ambapo mwili hutoa joto jingi. Siku ya kuchoka, acha kazini kila kisicholazimika kurudi nyumbani.

## Barabarani

13. Kwa nini Februari naishiwa nguvu kuliko Julai?

Kwa sababu ya fukuto. Kati ya Desemba na Machi, wakati wa kaskazi, joto la mchana Dar es Salaam hupita nyuzi 30 na hewa imejaa unyevu. Mwili hujipoza kwa jasho linalokauka, na penye unyevu mwingi jasho hutiririka tu bila kukauka. Moyo hulazimika kupeleka damu kwenye ngozi ili kutoa joto na kwenye miguu ili kukanyaga, vyote kwa pamoja. Kwa hiyo mwendo uliokuwa mwepesi Julai ni mzito Februari, na si kosa lako.

Badilisha ratiba yako: safari ya dakika 52 iwe ya saa moja, na utoke mapema jua likiwa bado chini. Wakati wa kusi, Juni hadi Septemba, asubuhi huwa na ubaridi wa kupendeza, lakini upepo wa mchana huzidi, na wanaorudi Mbagala kwa Barabara ya Kilwa huupokea kifuani. Inamisha mgongo, ushushe mwendo, na usipigane nao; jibu la swali la 3 linahusu upepo kuliko kitu kingine chochote.

14. Nishuke nisukume kwenye mlima?

Ndiyo, bila aibu. Baiskeli ya gia moja kwenye mlima mkali hukulazimisha kutumia nguvu nyingi kwa mkupuo, na ni mikupuo hiyo inayommaliza mtu, si urefu wa njia. Shuka kabla hujaishiwa, sukuma kwa hatua za kawaida dakika tatu au nne, kunywa maji, kisha panda tena pale panapolala. Ukisubiri mpaka baiskeli iyumbe, unayumba mbele ya magari.

15. Uchovu unakuwa hatari wakati gani barabarani?

Unapoanza kuchelewa kuona. Mchoka haoni daladala inayowasha taa ya kuondoka kituoni, hageuzi kichwa kutazama nyuma kabla ya kukwepa shimo, na huiona bodaboda inayokuja upande usio wake ikiwa tayari ipo mbele yake. Ukijikuta umepita kituo kizima bila kukumbuka ulivyokipita, simama. Siku hizo epuka Barabara ya Mandela na malori yake ya bandarini, pita barabara za ndani hata kama ni ndefu zaidi, wala usijaribu kujiokoa kwa kuingia kwenye njia ya mabasi ya mwendokasi.

16. Nimeishiwa nguvu katikati ya safari: mikono inatetemeka, jasho baridi, kichwa chepesi. Nifanye nini?

Hiyo kwa kawaida ni sukari iliyoshuka. Ondoka barabarani, kaa kivulini, kula kitu kitamu mara moja: soda ya kawaida, juisi ya miwa, tende au hata sukari ya mama lishe. Fuatisha chakula kama muhogo au chapati. Subiri angalau dakika 15, na usipande mpaka mikono itulie.

Ukihisi joto kali, kichwa kinagonga, unachanganyikiwa, unatapika au jasho limekatika ghafla, huo ni mwili uliozidiwa na joto, na ni dharura. Omba msaada wa aliye karibu, mwagiwa maji, pepewa, na upelekwe hospitali. Baiskeli unaweza kuiacha kwa fundi au mlinzi wa duka. Guta au kirikuu huibeba baadaye kwa makubaliano.

## Hali za pekee

17. Ninafunga Ramadhani. Niendelee kuendesha?

Wengi huendelea, kwa kupanga. Safari ya asubuhi ni nyepesi kwa kuwa daku iko karibu. Iwe na chakula kinachokaa kama viazi, maharage na uji, na maji ya kutosha. Safari ngumu ni ya alasiri, baada ya saa nyingi bila tone la maji, tena unapanda mlima. Njia inayowafaa wengi ni kuendesha asubuhi, kuacha baiskeli kazini na kurudi kwa basi, kisha kesho yake kuja kwa basi na kurudi kwa baiskeli baada ya kufuturu mjini kwa tende, maji na chakula kidogo. Anayerudi usiku awe na taa nyekundu nyuma na nyeupe mbele. Dalili za swali la 16 zikikutokea ukiwa umefunga, afya yako inatangulia. Dini yenyewe imemruhusu mgonjwa kufungua na kulipa siku nyingine.

18. Ninafanya zamu ya usiku na kurudi asubuhi. Usingizi unanishika njiani.

Usianze safari ukiwa na usingizi, hata kama nyumba ni karibu. Omba kona ulale dakika 20 kabla ya kutoka, unawe uso, na usubiri dakika 10 ule mzubao wa kuamka uishe. Anayepanda pantoni kwenda Kigamboni asitegemee mapumziko ya majini kumwamsha. Mara nyingi ndiyo yanayomlaza. Zamu ikiwa ndefu kuliko kawaida, panda basi.

19. Uchovu wangu umezidi wiki mbili, nikilala na nisipolala. Nianzie wapi?

Kituo cha afya. Usikisie malaria, pima, kwa kuwa kipimo cha haraka hutoa jibu ndani ya dakika chache, na kumeza dawa mseto bila kupima hukuficha ugonjwa mwingine. Omba pia wingi wa damu, sukari na shinikizo la damu viangaliwe. Kama una kikohozi cha wiki 2 au zaidi, unatoka jasho usiku au unapungua uzito, mweleze mhudumu bila kuficha ili upimwe kifua kikuu.

Kwa wanawake, upungufu wa damu ni sababu ya kawaida na mara nyingi hupuuzwa, hasa kwa mwenye hedhi nzito au aliyejifungua karibuni. Akihema kwenye mwinuko aliokuwa akiupanda akiongea, apime. Dagaa, maini, maharage na mboga za majani husaidia, na vikiliwa na chungwa au ndimu madini ya chuma hufyonzwa vizuri zaidi. Chai isinywewe pamoja na chakula hicho, isogezwe saa moja mbele. Siku za hedhi zenye maumivu, kuendesha polepole huwafaa baadhi na huwaumiza wengine, kwa hiyo kila mmoja afuate mwili wake.

20. Nina kisukari. Je, ushauri huu unanihusu?

Sehemu kubwa unakuhusu, ila usile wala kupunguza chakula kwa kufuata mifano hii kabla ya kuzungumza na daktari, hasa kama unatumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari, kwani kukanyaga pedali nako huishusha. Beba kitu kitamu mfukoni, si kwenye keria, na mwenzako mmoja kazini ajue.

21. Nimepona malaria wiki hii. Nirudi lini kwenye baiskeli?

Kumaliza dozi si kurudisha nguvu. Baada ya malaria, na zaidi baada ya dengi, ulegevu unaweza kuendelea wiki kadhaa ingawa homa imekwisha. Anza na matembezi ya miguu ya nusu saa. Ukiyamudu siku tatu mfululizo bila kulala mchana kutwa, endesha baiskeli karibu na nyumbani kwenye tambarare, dakika 20. Wiki inayofuata nenda kazini kwa baiskeli siku mbili zisizofuatana, ukitumia kipimo cha swali la 2 kila asubuhi, na urudi kwa basi ili mlima ungoje. Mlima uwe wa mwisho kurudishwa, na siku ya kwanza ya kuupanda usukume nusu yake kwa miguu hata kama unajiona unaweza.